Darizi ndege wa uani kwako vuli hii, hatua kwa hatua

Binti wa dadangu alikuja Kisauni, Mombasa, na chati ya kudarizia (mchoro wa miraba, mraba mmoja kwa kila mshono) aliyoipakua kwenye intaneti: ndege wa kifua chekundu juu ya tawi lenye theluji. Akataka nimfundishe mshono wa msalaba. Nikamwambia chati airudishe kwenye pochi, akae barazani, atazame uani. Novemba kwetu ni mvua za vuli, na ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia wameshatua. Kwa nini udarizi ndege wa mbali hali wako yuko kwenye kamba ya nguo?

Hatua ya 1: Mahali pa kukaa

Saa 12 na nusu asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Sahani pana ya udongo yenye maji ya kina cha kidole yatosha kuwaita shorewanda na mnana. Mwaga maji hayo kila siku, mbu wa kidingapopo hawahitaji mwaliko. Wala usitupe makombo ya wali, utakusanya kunguru wa India peke yao, na hao huiba mayai na makinda ya wenzao. Kima wakipita, ingiza kazi yako ndani kwanza, ndipo uwatazame.

Siku kumbikumbi wanapotoka ardhini baada ya mvua, weka sindano chini kabisa. Mbayuwayu, shorewanda, mwewe na kuku wa jirani, wote watakuwa uani kwako kwa muda mfupi, na hakuna atakayejali kuwa unamwangalia.

Hatua ya 2: Chagua ndege

Kila anayeanza hutaka chozi. Mwache kwanza. Dume lake akigeuka huku ni kijani, akigeuka kule ni zambarau, akiingia kivulini ni mweusi tii. Mng'ao ule hautokani na rangi ya kupakwa, ni mwanga unaochezeshwa na umbo la unyoya wenyewe. Uzi hauwezi hivyo. Uzi wa metali nao hukatikakatika na kukutia hasira ya bure.

Anza na asiyetazamwa na mtu: kindege mla nzi, jina lake la kisayansi Muscicapa striata. Ni wa rangi ya udongo mkavu, tumbo jeupe lililofifia, michirizi kifuani na utosini, urefu kama sentimita 14. Huzaliana Ulaya na Asia, kisha huja kwetu kupitisha miezi ya baridi. Faida yake kubwa kwa mwenye penseli ni kwamba hukaa wima kwenye tawi kavu au kamba ya nguo, huchupa kumdaka nzi hewani, halafu mara nyingi hurudi palepale. Ukikosa kuuona mkia vizuri, subiri tu.

“Khalti, huyu mbona hana rangi?”

Anazo. Tutafika.

Hatua ya 3: Chora chati yako

Hapa ndipo kazi inapoharibika, basi niwie radhi kwa maneno mengi.

Programu za kugeuza picha kuwa chati sizitaki. Ukizipa picha ya simu zitakurudishia rangi 40, na eksi (mishono ya msalaba) mojamoja zilizotawanyika kama mchele uliomwagika. Chukua daftari la hesabu la miraba, penseli na kifutio. Ukurasa mmoja hautoshi, gundisha kurasa kadhaa, ukihakikisha mistari inakutana.

Kitambaa cha Aida namba 14 kina miraba 14 kwa kila inchi. Miraba 77 ni inchi 5 na nusu, yaani karibu sentimita 14. Kwa hivyo ndege wa miraba 77 atatoka kwa ukubwa wake halisi. Lakini ndege hakai wima kabisa, ameinama kidogo, na ukihesabu miraba kwa mshazari utapata ndege mkubwa kuliko yule wa kwenye kamba, kwa sababu mshazari wa mraba mmoja ni kama mara 1.4 ya ubavu wake. Kata ukanda wa karatasi wenye urefu wa miraba 77 ya daftari lako, uulaze kwa pembe aliyoinamia ndege, utie alama ncha zote mbili. Mdomo uishie alama ya juu, mkia uishie ya chini. Usijali kama miraba ya daftari ni mikubwa kuliko ya kitambaa, tunalinganisha hesabu, si sentimita.

Kisha chora jicho kabla ya kitu kingine chochote. Miraba 3 kwa 3, pembe nne uziache wazi, na mraba mmoja mweupe upande wa jua. Jicho likisogea mraba mmoja tu kuelekea kisogoni, sura yote inabadilika. Kwa hiyo liweke, inuka, tazama karatasi kutoka mlangoni, urudi ulisogeze. Mwili uchore baada ya jicho kukubali.

Michirizi ya kifuani isiwe mistari mirefu. Kila mmoja uwe upana wa mraba 1 na urefu wa miraba 2, upishane na wa jirani yake, na ipungue ukishuka tumboni. Ikikushinda, weka michache. Mwangalie kifuani, usihesabu.

Hatua ya 4: Rangi

Kwa namba za nyuzi za kampuni ya DMC: 640 mgongoni, 642 ubavuni, 644 na 822 tumboni, 3021 kwa michirizi, 310 kwa jicho, na nyeupe kidogo. Ukinunua uzi Biashara Street, toka nao mlangoni uuone juani, taa za dukani hudanganya. Uzi wa bei ya chini ujaribu kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ukichuja, uache.

Hatua ya 5: Shona

Uzi una nyuzi nyembamba 6 ndani yake, tumia 2. Chukua mmoja mwembamba ulio mrefu, uukunje katikati upate hizo 2, anza kwa kitanzi, usipige fundo. Mguu wa juu wa kila eksi uelekee upande mmoja. Sindano butu namba 24, na usiilaze kwenye kitambaa usiku, unyevu wa pwani utaacha kutu.

Hatua ya 6: Pindo

Jongoo wamejaa ukutani msimu huu, basi wao ndio wawe pindo. Safu moja ya 310, miguu ya uzi mmoja wa 640, umemaliza.

Hatua ya 7: Kufua

Maji baridi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi. Usikamue, laza juu ya taulo, kisha piga pasi upande wa nyuma kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo.