Mgonjwa anapokaribia kufa: namna ya kumuuliza habari za imani

Wiki jana nesi mgeni wa zamu yetu aliingia chumba cha dawa machozi yakimlengalenga. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuwa amemkataza kumwombea. Nilimwambia karibu chamani, kisha nikamwandikia haya.

Hatua ya 1: Tuliza maumivu. Mofini ya maji, kwa saa zake, si mpaka aililie. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's kule London mwaka 1967, alikuwa Mkristo wa kweli, na bado alisisitiza dawa itolewe kabla maumivu hayajarudi.

Hatua ya 2: Vuta kiti, keti.

Hatua ya 3: Uliza. Hapa ndipo nilipoungua. Faili ilisema "Mkristo", nami, binti wa kanisa la kukesha na kufunga, nikaona nimepewa ruhusa. Nikamshika mzee mkono, nikakemea mauti kwa sauti, nikatangaza kwamba atatoka kwa miguu yake. Wanawe wakaitikia amina. Tangu hapo kila alipotaka kuzungumzia shamba au mahali pa kuzikwa, bintiye alimkatiza: "Baba, si sista alisema utapona?" Zamu nzima ya usiku nilihangaika kuyarudisha maneno yangu. Hayakurudi. Alifariki Alhamisi, na habari ya shamba akaenda nayo.

Sasa siulizi "wewe ni dini gani?" Hilo ni swali la karani wa mapokezi. Nauliza: "Mzee, usiku ukiwa mrefu, nini hukupa nguvu?" Kisha nanyamaza. Nyamaza kweli, hata dakika nzima ipite. Akisema Mungu, muulize angependa nani amwombee. Akisema wajukuu, au mbuzi wake, au hakuna, umejibiwa. Usitafute mlango wa nyuma. Muulize mgonjwa wakati jamaa wameenda kula, maana mbele ya shangazi mlokole kila mtu ameokoka. Fomu za kutia alama kwenye visanduku mimi sizipendi kabisa: mgonjwa huitazama kalamu, nawe huitazama karatasi.

Akitaka sala ya imani isiyo yako, inamisha kichwa yeye akisali. Wapo wenzangu wanaosoma wenyewe dua wakiombwa. Sina ugomvi nao. Ila akikuuliza "nitapona?", usijifiche nyuma ya maombi. Muulize yeye mwenyewe anaonaje.

Hatua ya 4: Ita anayehusika. Kwa Mkatoliki, padri. Mpako wa wagonjwa, yaani sakramenti ya kupakwa mafuta, hautolewi na nesi wala katekista, nao ni wa walio hai. Padri aitwe wakati mgonjwa bado anaweza kumeza, apate na Komunyo. Kwa Mwislamu, ndugu yeyote aweza kumtamkia shahada taratibu sikioni, msingoje imamu. Kibla kutoka Nairobi ni karibu kaskazini kabisa, kikiegemea mashariki kidogo. Jua mchana ni ukuta upi wa wodi unaelekea huko, usije ukazungusha kitanda gizani ukimuuliza askari wa mlangoni.

Hatua ya 5: Andika kwenye ripoti ya zamu maneno yake mwenyewe. Nesi wetu alirudi kitanda cha dirishani, akauliza upya. Ripoti yake: "Hataki maombi. Anataka kaka yake wa Kayole aitwe, na redio ya wodi ipunguzwe sauti."