Kabla ya kubonyeza "Endelea" kwenye mchezo wa bure wa Facebook

Mchezo wa bure hukusanya malipo yake dakika ya kwanza, kwenye kile kidirisha kinachokutaka uendelee kwa jina lako. Kisome kabla hujagusa kitu. Kina sehemu ya kuhariri unachotoa: jina na picha haviondoki, lakini baruapepe, tarehe ya kuzaliwa na orodha ya marafiki mara nyingi huzimika kimoja kimoja, na mchezo ukacheza vilevile. Ukigoma kufunguka bila orodha ya marafiki, uache.

Tarehe ya kuzaliwa ilinde kuliko vyote. Wengi wameufanya mwaka wao wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya M-Pesa, na tapeli anayetaka kuhamishia namba yako kwenye laini yake huihitaji tarehe kamili ili ajifanye wewe. Ndiyo maana hata chemshabongo za "shule yako ya kwanza iliitwaje?" si za kujibu, hayo ndiyo maswali ya kurejesha akaunti zilizosahaulika nywila.

Kuhusu marafiki, mfano upo. Programu moja ya maswali ya haiba iliwekwa Facebook na watu wapatao 270,000, lakini ruhusa za wakati huo zilifika hadi kwa marafiki zao. Mwaka 2018 Facebook ilisema taarifa za watu hadi milioni 87 huenda zilifika Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kampeni za kisiasa. Wengi wao hawakuwa wameruhusu chochote. Mlango huo ulifungwa mwaka 2015, ila orodha bado huombwa.

Kwenye simu ya Android, fungua Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa. Mchezo wa kupanga vigae hauna kazi na anwani zako, maikrofoni wala mahali ulipo, zima zote. Ukidai nywila yake, tunga mpya, kwa sababu seva za michezo huvunjwa na wezi huijaribu nywila hiyohiyo kwenye baruapepe yako.

Kufuta mchezo kwenye simu hakukati uhusiano wake na akaunti. Ingia mipangilio ya Facebook, sehemu ya "Programu na tovuti", uuondoe huko. Hata hapo, ulichokwisha kutoa kinabaki kwa mtengenezaji. Mwandikie ukitaka kifutwe, na utunze nakala ya barua. Sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakupa haki hiyo. Asipojibu, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, Nairobi, au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi upande wa Tanzania.