Somo: Kutambua hitilafu za breki za Land Rover Series III kabla ya kununua spea

Land Rover Series III zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na Arusha na Moshi bado zinafanya kazi za shamba na za safari. Zinapopata tatizo la breki, mara nyingi masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali ikikanyagwa) ndiyo hubadilishwa kwanza, hata pale ambapo breki shuu, yaani viatu vinavyobana dramu ya gurudumu kwa ndani, zilihitaji kusogezwa tu. Somo hili linafuata mpangilio mwingine: tunaanza na pedali, kisha magurudumu, na dukani tunakwenda tukishajua tunachokitafuta.

Kabla ya kupiga jeki, weka vizuizi vya mbao au mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini. Hendibreki ya gari hili haikamati magurudumu. Inakamata shafti inayotoka nyuma ya gia boksi. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) huliruhusu lizunguke, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki ingawa hendibreki imevutwa hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: pedali, injini ikiwa imezimwa. Kanyaga mara moja, achia, kisha kanyaga tena haraka. Iwapo mara ya kwanza pedali inashuka karibu na sakafu, na mara ya pili inasimama juu ikiwa ngumu, breki shuu ziko mbali na dramu. Iwapo inapanda lakini inabonyea, kuna upepo ndani ya mfumo. Sasa ikanyage kwa nguvu ya wastani na uishikilie kwa dakika moja. Ikizama polepole, tafuta uvujaji kwenye paipu, mipira na upande wa ndani wa kila gurudumu. Usipouona popote, hapo ndipo masta silinda inaposhukiwa kwa haki, kwa sababu raba zake zinapitisha mafuta ndani kwa ndani.

Kama gari lako lina busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwa vakyumu ya injini), kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, shikilia mguu hapo hapo, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, kagua kwanza mpira wa vakyumu, ambao bei yake ni ndogo sana kuliko ya busta.

Hatua ya pili: marekebisho. Inua gurudumu, zungusha ajasta (skrubu ya kusogeza breki shuu karibu na dramu) hadi gurudumu likwame, kisha irudishe hadi lizunguke huru. Kanyaga pedali ili breki shuu zikae sawa, halafu rekebisha tena. Baada ya kumaliza magurudumu yote, rudia jaribio la hatua ya kwanza. Malalamiko mengi ya pedali ndefu, yaani inayoshuka sana kabla ya kushika, huishia hapa.

Hatua ya tatu: breki zinazoshika zenyewe. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, nami nashauri usikimbilie kufungua dramu. Inua gurudumu lililokwama na ulegeze nipo yake ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kilichonaswa ni shinikizo, kwa hiyo chanzo kiko juu zaidi: mpira wa breki ulioziba kwa ndani huku nje ukionekana mzima, au masta silinda isiyorudi mpaka mwisho kwa sababu fimbo ya pedali haina nafasi. Gurudumu lisipoachia, tatizo limo ndani ya dramu yenyewe: silinda iliyoganda kwa kutu, springi iliyokatika, au ajasta iliyokazwa kupita kiasi. Magurudumu yote yakishika pamoja, anza na fimbo ya pedali.

Hatua ya nne: gari linavuta upande mmoja. Kwa kawaida linavuta kuelekea upande wenye breki nzima, kwa hiyo fungua dramu ya upande wa pili. Ukikuta unyevu, weka tone lake kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya kawaida ya breki huchanganyika na maji, na hayo yametoka kwenye silinda. Mafuta ya difu huelea, na hayo yamepita kwenye sili ya habu. Laini (bitana ya breki shuu inayosugua dramu) iliyolowa mafuta ibadilishwe pamoja na ya gurudumu la upande wa pili. Vumbi la dramu lisipulizwe kwa kompresa, kwa kuwa laini za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji na ulifute.

Hatua ya tano: kutoa upepo. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, umalizie na la karibu. Tumia mafuta mapya ya breki kutoka kopo lililokuwa limefungwa. Mafuta ya injini huvimbisha raba zote, na baada ya hapo hakuna cha kuokoa isipokuwa vyuma.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nikishuka kutoka lango la Marangu, pedali inalegea nikikaribia Himo, lakini nikipumzika inarudi vizuri. Masta silinda imekufa?*

Marahaba. Dalili hiyo ni ya mafuta yanayochemka. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishafyonza unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 155. Badilisha mafuta yote, hakikisha hakuna gurudumu linaloshika lenyewe, na ushuke kwa gia ndogo. Pedali ingebaki ngumu huku gari halisimami, ningesema laini ndizo zilizopata joto.

*Ndugu, nimerekebisha magurudumu yote, lakini hendibreki bado haishiki kwenye mteremko.*

Hendibreki ina dramu yake na ajasta yake nyuma ya gia boksi. Ifungue uangalie kama sili ya shafti inavuja oili, kwa maana laini zikilowa hakuna marekebisho yatakayosaidia.

*Je, mwenye Peugeot 504 anaweza kufuata somo hili?*

Majaribio ya pedali, busta na nipo ni yale yale. Mbele kuna diski, hivyo hakuna ajasta ya kuzungusha. Gurudumu la mbele likishika hata baada ya kulegeza nipo, toa pedi na uangalie kama pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) inarudi.