Namna ya kuandika riwaya ya siri za jumba la mfalme, hatua kwa hatua (natumia mfano wa kwetu Malindi)

Watu wananiuliza sana naanzia wapi, sa leo naandika yote hapa mara moja. Mi niko Malindi, mchana natembeza wageni kule mnara wa Vasco da Gama, usiku ndo naandika. Riwaya yangu ya kwanza ilirudishwa na mchapishaji na kikaratasi kimeandikwa "wahusika hawana uhai", iliniuma wiki nzima lakini ndo ukweli, nilikuwa nimejaza tarehe na mapanga nikasahau watu. Hii ya pili naiandika tofauti.

Hatua ya 1: tafuta mfalme mwenye tundu

Tundu nikimaanisha pale historia inaposema "habari ikamfikia fulani" halafu inapita tu, haikwambii nani aliyezipeleka. Hapo ndo pako.

Wangu ni Yusuf bin Hasan. Kwa ufupi: wafalme wa Malindi na Mombasa walikuwa hawaivi chungu kimoja, ndo manake Vasco da Gama alipofika hapa 1498 akapokewa vizuri. Baadae Wareno wakaichukua Mombasa, wakaanza kujenga Ngome (Fort Jesus) 1593, na ufalme wa kule wakampa mtu wa Malindi. Basi ukoo ukahamia Mombasa. Lakini mfalme Hasan bin Ahmad akakosana na kepteni wa Ngome, akakimbilia Rabai, akauliwa huko 1614 na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao ya Wareno kule Bara Hindi. Kijana wake Yusuf nae akapelekwa huko huko Goa akiwa mdogo, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, akasomeshwa na mapadri wa Agostino (shirika la watawa wa Kikatoliki), na miaka ya 1620 akarudishwa Mombasa awe mfalme. Hebu fikiria, mtoto analelewa mji ule ule kilikopelekwa kichwa cha babake.

Kisha anaonekana usiku kaburini kwa babake akiomba Kiislamu. Kepteni akaambiwa. Agosti 1631 Yusuf akaingia Ngomeni akamchoma kisu kepteni Pedro Leitão de Gamboa, yaliyofuata ni damu tupu.

Sa nani alimuona? Mi nimesema ni rafikiye.

Hatua ya 2: urafiki kwanza, siri baadae

Hapa ndo wengi tunaharibu. Tunaanza na siri ukurasa wa kwanza halafu msomaji hajali, manake hajui nini kitavunjika. Wape marafiki wako kitu kidogo cha kila siku, kitu cha kipuzi hata. Wangu ni watoto wawili wa pwani wako Goa kwenye nyumba ya mapadri, usiku wakishazimiwa taa wanaulizana maneno ya Kiswahili wasije wakasahau. Mmoja anauliza kile cha kukunia nazi kinaitwaje, mwengine anajibu mbuzi, wanacheka mpaka wanafokewa. Miaka inaenda, mfalme mtarajiwa anasahau maneno mengi, rafiki ndo anakumbuka. Sikuandika popote kwamba wanapendana. Hakuna haja.

Hatua ya 3: siri iwachome wote wawili

Siri ya mtu mmoja ni umbea tu. Ukitaka iwe ya hatari hakikisha anayeijua nae ana cha kupoteza. Goa kulikuwa na mahakama ya kanisa tangu 1560, mtu aliyebatizwa akirudi kwa dini yake ya zamani anashtakiwa pale, na anayemficha hayuko salama. Sa ile sura ya kaburini nimeifanya hivi: mfalme amevaa kireno, buti mpaka magotini. Hataki kuswali na buti. Anazivua, anampa rafikiye azishike. Yule rafiki amesimama gizani ameshika buti za mfalme, zina joto bado, na anajua akipita mtu hana la kusema. Nimeiandika mara 6 hio, mara 5 za mwanzo nilikuwa naeleza wanavyojisikia, ya 6 nikaacha buti zizungumze.

Hatua ya 4: msaliti apewe sababu nzuri

Pesa ni sababu rahisi sana, iache. Rafiki wangu huyu ni Mkristo kweli kweli, haigizi. Analia kwa ajili ya roho ya mwenzake, anaenda kuungama. Mwanzo niliandika padri akatoka mbio kwa kepteni, mama mmoja Mgiriama mkatoliki jirani yangu akanisomea akaniambia "mwanangu, padri hatoi siri ya kitubio hata akatwe". Nikarekebisha: padri hasemi, lakini anakataa kumpa maondoleo ya dhambi mpaka aende mwenyewe. Imekuwa kali mara kumi.

Hatua ya 5: uliza upepo

Hii haiko kwenye mafunzo ya wazungu. Pwani yetu habari husafiri na pepo. Kaskazi kuanzia Disemba inaleta vyombo huku kutoka Bara Hindi, kusi inavirudisha, na mwisho wa kusi, Agosti na Septemba, ndo wakati mzuri wa kwenda Goa. Sa kepteni akijua siri mwezi wa Agosti, chombo cha kumpeleka mfalme akahukumiwe kiko karibu kutweka. Yaani kalenda imenipa haraka yote ya riwaya bila mi kubuni kitu.

Hatua ya 6: pekua vyombo na nguo

Niliwapa chai. 1631! Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Nikatoa na kanga pia, hizo ni za karne ya 19. Lakini maneno ya Kireno yako tele, meza, bendera, na gereza ambalo asili yake ni igreja, yaani kanisa. Hilo nimewapa wale wawili kama mzaha wao wa utotoni, alafu linarudi mwishoni wakati hakuna anayecheka.

Mazungumzo yaandike kwa lafudhi ya pwani kidogo tu, usijaze kila mstari.

Hatua ya 7: andika ile sura ngumu kwanza

Usianze sura ya 1. Leo usiku andika kurasa mbili za pale siri inapojulikana, zingine zitaifuata. Mi nilifanya hivo, sa niko sura ya 19, kepteni keshakufa, na yule rafiki yuko mlangoni mwa Ngome na zile buti mkononi, mfalme anamuangalia. Kila nikikaa nashindwa niandike anazipokea ama hazipokei.