Lugha ya kwanza ya programu: anza na unachotaka kutengeneza

Ubishi wa lugha ipi ni kali waachie wenye muda. Wewe taja kitu kimoja unachotaka kutengeneza, kisha angalia kifaa ulicho nacho.

Ukilenga kurasa za wavuti, chukua JavaScript. Kivinjari kinaiendesha chenyewe, husakinishi kitu: fungua Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda Console, anza kuandika. Takwimu, hesabu za duka na kupanga mafaili ni kazi za Python. App za Android siku hizi ni Kotlin, lakini Android Studio, programu ya kuziandikia, ni nzito; kwa kompyuta yenye RAM ya GB 4, iache kwanza.

Ambaye hajajua anataka nini aanze na Python. Mwenye simu ya Android tu apakue Pydroid 3, app ya kuandika na kuendesha Python. Ikishaingia, programu zako za kawaida zinakwenda bila bando. Kwenye Windows pakua Python kutoka python.org, na kisakinishi kikikuonyesha kisanduku cha PATH (orodha ya mahali Windows inapotafuta programu), weka tiki. Ukikiruka, utaandika python kwenye Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na Windows itadai haiijui, au itakufungulia Microsoft Store.

Sasa ijaribu kwa mistari miwili:

bei = input("Bei ya kilo: ")
print(bei * 3)

Ikikuuliza bei, andika 2000. Badala ya 6000 utapata 200020002000, kwa sababu input hurudisha maandishi, na Python ikizidisha maandishi huyarudia tu. Andika int(input("Bei ya kilo: ")) na hesabu itakaa sawa. JavaScript ina vituko vyake: "2000" * 3 inakupa 6000, ila "2000" + 3 inakupa 20003, bila onyo lolote. Ndiyo maana kwa anayeanza tunaipendelea Python: ukijumlisha maandishi na namba inagoma papo hapo, na inakutajia mstari wenye tatizo.

Kinachowasumbua wengi baadaye ni nafasi za mwanzo wa mstari. Tumia nafasi nne kila mara, usichanganye na Tab, la sivyo utakutana na IndentationError au TabError.

Kagua pia umri wa somo unalofuata. Ukiona print "Habari" bila mabano, hiyo ni Python 2, iliyoacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Tafuta somo jingine.