Taichi kabla ya chai, asubuhi za baridi

Baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya ikikufungia ndani hadi moyo ukawa mzito, jaribu mwendo wa kwanza wa taichi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, kabla ya chai: simama miguu ikiachana upana wa mabega, legeza magoti, inua mikono polepole hadi usawa wa mabega ukivuta pumzi, ishushe ukiitoa. Dakika 10, kila siku. Pumzi ndefu ya kutoka hutuliza mapigo ya moyo, na akili ikifuata mikono huacha kuzungukia mawazo yale yale. Ukianza kuhema, umeenda mbio mno. Mara moja moja haisaidii sana. Huzuni ikizidi wiki 2, usingizi nao ukipotea, tafadhali nenda kituo cha afya huku ukiendelea na mazoezi.