Namna ya Kulinganisha Takwimu za Mauaji katika Miji ya Marekani, Mwaka kwa Mwaka

Habari za usalama wa miji ya Marekani hutufikia mara nyingi zikiwa asilimia moja tu, kwamba mauaji yamepanda kwa kiasi hiki au yameshuka kwa kiasi kile. Mzazi aliye Mwanza au Mombasa ambaye mwanawe amepata nafasi ya chuo huko Chicago anaweza kukosa usingizi bure kwa sababu ya asilimia hiyo, au akatulia pasipo sababu. Kuipima si kazi ngumu, ila inataka subira na utaratibu.

Kwanza ulizia nani amehesabu, na amehesabu nini. Polisi wa jiji huhesabu mauaji ya kukusudia yaliyotokea ndani ya mipaka yao, na huacha vifo vya uzembe pamoja na vile ambavyo aliyeua alikuwa akijihami kihalali. Ofisi za uchunguzi wa vifo huangalia tu iwapo mtu amekufa kwa mkono wa mwenzake, liwe kosa la jinai au lisiwe, hivyo idadi yao kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Huko Chicago polisi wa jiji hawajumuishi mauaji ya kwenye barabara kuu za mwendo kasi, kwa kuwa hizo ziko mikononi mwa polisi wa jimbo, ilhali ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Kaunti ya Cook, ambamo Chicago imo, huyahesabu. Ukichukua mwaka mmoja kwa polisi na mwaka unaofuata kwa ofisi hiyo, utapata ongezeko ambalo halikutokea mtaani.

Hata mwaka wenyewe una utata. James Brady, msemaji wa Rais Ronald Reagan, alipigwa risasi Washington mwezi Machi 1981 na akafariki Agosti 2014. Mchunguzi wa vifo wa Virginia aliamua kuwa ni mauaji, kwa jeraha la miaka 33 nyuma. Vifo vya namna hiyo ni vichache, lakini huingia kwenye hesabu za mwaka ambao risasi haikufyatuliwa. Kinyume chake, watu 2,753 waliouawa New York tarehe 11 Septemba 2001 hawamo katika takwimu za kawaida za mauaji za jiji hilo kwa mwaka huo, zinazoonyesha mauaji 649. Soma maelezo ya chini ya jedwali kabla ya kusoma jedwali. Kwa takwimu za FBI, uwe mwangalifu zaidi na mwaka 2021, kwani mfumo wa kuwasilisha taarifa ulibadilishwa na idara nyingi, zikiwemo za New York na Los Angeles, hazikuwasilisha. Kwa mwaka huo ni salama zaidi kutumia hesabu ya idara yenyewe.

Baada ya hapo, gawanya kwa idadi ya wakazi. Mwaka 2020 New York ilikuwa na mauaji 468 na St. Louis 263, na anayesoma namba hizo peke yake atadhani New York ndiyo yenye hatari zaidi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 8,804,190 New York na 301,578 St. Louis. Kwa kila watu 100,000, New York inapata takriban 5 na St. Louis takriban 87. Hata hivyo, usikimbilie kuipa St. Louis nafasi ya mwisho kwenye orodha. Jiji hilo lilijitenga na kaunti yake karne ya 19, na vitongoji vyake vingi vyenye utulivu viko nje ya mpaka, ilhali jiji la Jacksonville, Florida, liliungana na Kaunti ya Duval mwaka 1968 na kwa hiyo linahesabu vitongoji vyake. Kwa maoni yangu, orodha za kupanga miji kwa ubaya zina madhara kuliko faida; jiji lilinganishwe kwanza na lenyewe.

Hatua inayorukwa zaidi ni kupima kama badiliko linazidi lile linaloweza kuletwa na bahati. Jumlisha idadi za miaka miwili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha uangalie kama tofauti inafikia walau mara mbili yake. Boston ilikuwa na mauaji 37 mwaka 2023 na 24 mwaka 2024. Huo ni upungufu wa asilimia 35, lakini jumla ni 61, kipeuo chake ni karibu 7.8, na tofauti ya 13 haifiki mara mbili. Katika miaka hiyohiyo Philadelphia ilishuka kutoka 410 hadi 269. Kipeuo cha 679 ni karibu 26, na tofauti ya 141 ni zaidi ya mara tano yake. Kwa kuwa mauaji huzaa visasi na kuja kwa mfululizo, chukulia kipimo hiki kuwa cha chini kabisa.

Usiufanye mwaka mmoja kuwa msingi wa kila kitu. Mauaji nchini Marekani yaliongezeka kwa takriban asilimia 30 kati ya 2019 na 2020, kwa hiyo mji unaolinganishwa na 2020 pekee utaonekana umepona hata kama bado uko juu ya 2019. Weka miaka mitano au zaidi kwenye mstari mmoja. Na mwaka ukiwa haujaisha, linganisha hadi tarehe ileile ya mwaka uliopita, kwani miezi ya joto huwa na mauaji mengi kuliko ya baridi.

Mwishoni andika matokeo katika sentensi inayobeba chanzo, miaka na idadi halisi, kwa mfano: “Kwa hesabu ya polisi wa jiji, watu 562 waliuawa Philadelphia mwaka 2021, 410 mwaka 2023 na 269 mwaka 2024.”